Hii "moja" si ya kuhesabia

Kila nikiandika ubaoni moja på tvoja, jina la lugha ya zamani ya biashara kati ya Wanorwei na Warusi, wanafunzi wangu huisoma moja kama wanataka kuendelea na mbili, tatu. Hapana jamani. Hiyo J ya Kinorwei hutamkwa Y: moya. Neno ni la Kirusi, "yangu", na tvoja ni "yako". Kati yao imepachikwa på ya Kinorwei (hutamkwa po), "kwenye". Ila katika pijini hii ya kaskazini mwa Norwei, yaani lugha ya mkato ya watu wasio na lugha moja, moja ilikuwa ndiyo "mimi", kwa hiyo jina zima ni kama kusema: mimi, kwa lugha yako. Wanaisimu huiita Russenorsk, yaani Kirusi-Kinorwei. Mimi napenda lile jina la kwanza, maana walilizaa wavuvi na wachuuzi wenyewe.

Kilichowakutanisha ni samaki na unga. Kiangazi nzi walitaga mayai kwenye samaki walioanikwa na Wanorwei, funza wakajaa, soko likafa. Hapo ndipo walipotokea Wapomori, Warusi wa Bahari Nyeupe, kaskazini mwa Urusi. Waliwanunua samaki wabichi, wakawatia chumvi humohumo jahazini, na kulipa kwa unga, kitu adimu kule ambako nafaka haistawi. Bei haikuweza kungoja mkalimani.

Maneno yaliyorekodiwa ni kama 400 tu. Kitenzi, kitoke upande wowote, hubandikwa -om: kopom, kununua, kimetoka Kinorwei, robotom, kufanya kazi, kimetoka Kirusi. Na på ilibebeshwa mizigo yote: mahali, mwelekeo, umiliki. Mnorwei aliisikia kuwa yake. Mrusi naye ana po kwao, akaisikia kuwa yake. Basi kila mmoja aliweza kuamini kwamba anaongea lugha ya mwenzake! Hata kutoelewana walikuwa nako kwa ubia: moja njet forsto, sielewi. Mawili ya mwanzo ni Kirusi, la mwisho Kinorwei.

Pijini nyingi zina bwana na mtumwa ndani yake. Hii haikuwa na bwana, na msamiati wake unaonyesha: Kinorwei kinazidi kidogo tu.

Katika karne ya 19 wafanyabiashara wakubwa wa Norwei walianza kupeleka watoto wao Arkhangelsk, mji wa bandari wa Urusi, wakajifunze Kirusi sanifu, na moja på tvoja ikaanza kuchekwa kuwa lugha ya wavuvi. Wavuvi waliendelea nayo hadi mapinduzi ya Urusi ya 1917 yalipoikata biashara yenyewe.