Hakulia Msibani, Kwa Hiyo Ndiye Muuaji?

Wiki hii wateja watatu wamekaa kwenye kiti kile kile ofisini kwangu, na kabla hatujagusa lililowaleta, kila mmoja akataka kwanza nimwambie kitaalamu habari za yule mama wa kwenye tamthilia. Sitaitaja jina, maana mwezi ujao itakuwa nyingine na ubishi utakuwa ule ule. Kijana wake amekutwa amekufa kando ya mto. Siku ya mazishi nyumba imejaa vilio, yeye yuko jikoni anaosha vikombe. Anakisugua kimoja, anakisuuza, anakiinua kwenye mwanga, halafu anakirudisha kwenye maji na kukisugua tena. Kamera imemkazia uso. Hata chozi moja hamna. "Daktari, si umeona mwenyewe? Ndiye huyo."

Mimi si daktari, ni mwanasaikolojia, na hilo nimeshachoka kulisahihisha. La machozi bado nina nguvu nalo.

Sijui kipimo cha hatia kilicho kibovu kuliko machozi. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na majonzi nayo ni vivyo hivyo. Yuko anayelia mpaka sauti inakauka, yuko anayeshikwa na kicheko akajionea aibu, yuko anayeshika ufagio. Habari nzito ikimwangukia mtu ghafla, mara nyingi hisia huzimika kwa muda. Anatembea, anaitikia salamu, anahesabu viti, na ndani ni ganzi tupu. Baadaye atakusimulia kwamba alikuwa kama anajitazama kutoka darini. Mikono hutafuta kazi inayoijua, na kuosha vyombo mikono inakujua. Wengine chozi la kwanza huwajia baada ya miezi, kwa kuona kiatu kilichosahaulika uvunguni. Wengine hawalii kabisa, na bado wameomboleza kama wanavyoomboleza wenzao. Kwa jicho langu, lile tukio la vikombe ndilo la kweli kuliko yote katika tamthilia nzima, na ndilo watazamaji wamelifanya hati ya mashtaka.

Hapo naambiwa kwamba uso haudanganyi. Mwaka 2006 watafiti Bond na DePaulo walikusanya matokeo ya tafiti nyingi zilizowataka watu watambue nani anasema kweli na nani anadanganya, bila kifaa wala ushahidi mwingine. Kwa wastani walipatia mara 54 katika 100. Ukirusha sarafu utapata 50. Na wale ambao kazi yao ni kushughulika na waongo, polisi wakiwemo, hawakuwapita watu wa kawaida kwa kiasi cha kujivunia.

Hao walikuwa wanatazama watu halisi. Kwenye runinga hali ni mbaya zaidi, kwa sababu ule uso umehaririwa. Zaidi ya miaka 100 iliyopita mwongozaji wa Urusi, Lev Kuleshov, alichukua picha ya mwigizaji aliyetulia tu, akaiunganisha na bakuli la supu, kisha na jeneza, kisha na mwanamke amejilaza. Watazamaji walisifu jinsi mwigizaji alivyoonyesha njaa, huzuni na tamaa. Uso ulikuwa ni ule ule. Kwa hiyo mhariri akikata kutoka usoni pa yule mama kwenda kwenye maji ya mto, ile "hatia" umeletewa na mkasi. Katika Broadchurch, tamthilia ya Uingereza ya mwaka 2013, waigizaji wengi walirekodiwa wakiwa hawajaambiwa muuaji ni nani. Sasa hatia hiyo waliyoisoma watu machoni mwao, waigizaji wenyewe waliitoa wapi?

Ningeliacha hili lipite kama burudani, ila halibaki sebuleni. Usiku wa tarehe 17 Agosti 1980, karibu na Uluru huko Australia, mtoto wa Lindy Chamberlain, Azaria, mwenye umri wa wiki tisa, alichukuliwa na dingo, mbwa wa porini wa huko, kutoka kwenye hema. Mama alisema hivyo tangu dakika ya kwanza. Lakini alipohojiwa kwenye runinga alikuwa mtulivu, anaeleza mambo kwa mpangilio, na nchi nzima ikamkodolea macho: mama gani huyu asiyelia? Mwaka 1982 akahukumiwa kifungo cha maisha. Mahakamani ulikuwepo ushahidi wa kitaalamu, uliokuja kuporomoka baadaye, lakini mitaani kesi ilikuwa imeshaamuliwa kwa uso wake. Mwaka 1986 kikoti cha mtoto kikapatikana katika eneo lenye mapango ya dingo, naye akaachiwa. Hukumu ilifutwa mwaka 1988, na ilipofika 2012 ndipo ikaandikwa rasmi kwamba dingo ndiye aliyemchukua mtoto.

Tena linarudi mpaka kwangu. Mmoja wa wale watatu (nimebadilisha mambo mawili matatu ili asitambulike) ni mjane wa mwaka mmoja. Alianza kwa kumshambulia yule mama wa vikombe, kwa maneno makali mno kwa mtu asiyekuwepo duniani. Nikamwacha amalize. Akanyamaza, akakunja risiti aliyokuwa nayo mkononi mpaka ikawa ndogo kama punje, kisha akauliza bila kunitazama: "Na mimi sikulia. Ina maana sikumpenda?" Mwaka mzima alikuwa amejifungulia kesi, na shahidi mkuu ni mambo aliyojifunza kwenye tamthilia. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia "lakini ni mchezo tu, daktari," namjibu kwa ukali kuliko inavyostahili.

Dawa yangu ni moja na wateja wameshaichoka: rudia tukio ukiwa umezima sauti. Ule muziki mzito ndio unaokunong'oneza kwamba mama ni mbaya. Ukiuondoa, unabaki na mtu anayeosha vikombe. Kisha chukua karatasi uandike aliyoyatenda, siyo aliyoonekana kuyahisi. Alikuwa wapi, saa ngapi, nani alimwona. Nia ya mtu huijui kwa kumtazama. Unaikaribia kwa kupanga matendo yake na kuuliza ni maelezo gani mengine yangetoshea matendo hayo hayo. Ukipata moja tu, hujatafuta vya kutosha.

Madai mengine ya watazamaji nitayapitia haraka, maana hayaniudhi kiasi hicho.

"Alipigwa sana utotoni, lazima atakuwa ndiye." Katika utafiti wa Cathy Widom wa mwaka 1989 huko Marekani, waliotendewa ukatili au kutelekezwa utotoni walikamatwa na polisi wakiwa bado vijana kwa asilimia 26, dhidi ya asilimia 17 ya wenzao wasiotendewa hivyo. Hatari inaongezeka, ndiyo. Lakini hesabu waliobaki: karibu robo tatu hawakukamatwa. Kiwewe kinaweza kueleza kwa nini mhusika hapati usingizi. Kwamba ameua, bado hujathibitisha.

"Ana skizofrenia, ndani yake kuna watu wawili, mmoja ndiye muuaji." Hapana. Skizofrenia ni kusikia sauti, kuamini yasiyokuwepo, fikra kuvurugika. Kuwa na nafsi zaidi ya moja ni hali nyingine kabisa, adimu, na wenye hali hiyo wengi wanajidhuru wao wenyewe. Waandishi wa tamthilia wanalijua hili, hawalipendi tu.

"Sehemu ya sita amekumbuka kila kitu, kwa hiyo sasa tunajua." Kumbukumbu si kanda iliyofichwa kabatini ikisubiri kuchezwa. Mwaka 1995 watafiti Loftus na Pickrell waliwasimulia watu 24 visa vya utoto wao, kimoja kikiwa cha kubuni, kwamba waliwahi kupotea kwenye jengo la maduka. Kama robo yao walikikumbuka, chote au sehemu yake. Na yule mpelelezi anayemshika mhusika bega na kumwambia "jaribu tena, ulikuwa mtoni, sivyo?" anafanya kile kile tunachokatazwa kufanya siku ya kwanza ya mafunzo.

"Saikopathi yule," yaani mtu asiye na huruma wala majuto. Orodha ya mwanasaikolojia Robert Hare, inayotumika kupima hali hiyo, ina vipengele 20, huhitaji mahojiano marefu, rekodi za maisha ya mtu, na mpimaji aliyefunzwa. Kochi lako halina hata kimoja.

Msimu bado una sehemu mbili, na najua nitaulizwa tena. Basi niulize mimi kwanza, kwa kuwa sijasikia mtu akiuliza: ule ufunguo wa banda la mashua, uliokuwa ukining'inia nyuma ya mlango sehemu ya kwanza na haupo sehemu ya tatu, nani aliuchukua? Siku ile mama hakuwa hata nyumbani.