Flashi Haidaiwi: Dhana Potofu za Kusaka Karata Kwenye Poka ya Simu

Kigoma, mwezi ukijaa, wavuvi wa dagaa hupumzika. Taa haina kazi kwenye maji yenye mbalamwezi, kwa hiyo mitumbwi inabaki mwaloni Kibirizi na Katonga, nyavu zinashonwa, na jioni vijana wanakaa kwenye karata. Wazee bado wanapiga albastini. Vijana wengi wameinamia simu, na baadhi yao wanacheza poka ya mtandaoni, ile ya karata mbili mkononi na tano mezani.

Ubishi wao karibu wote ni mmoja. Mtu ana kopa nne, anahitaji ya tano apate flashi (karata tano za alama moja), mwenzake anaweka dau. Alipie au atupe? Kopa ikija, anasema "nilijua". Isipokuja, anasema "ilikuwa inakuja ile". Kauli zote mbili hazielezi kama uamuzi wenyewe ulikuwa mzuri, maana uamuzi ulifanyika kabla karata haijafunuliwa. Hizi hapa ni dhana ninazozisikia sana, na hesabu inavyosema. (Ni kwa wenye miaka 18 kwenda juu, kama sheria ya nchi inavyotaka. Na chipu za bure zinafundisha hesabu hii sawasawa na za pesa, ila huko kila mtu analipia kila kitu.)

Dhana: "Sekunde zile hazitoshi kupiga hesabu, ndiyo maana tunacheza kwa hisia."

Hazitoshi kweli, kama unaanza hesabu saa inapoanza kukimbia. Lakini anayeamua haraka hakokotoi haraka. Ana namba tano sita kichwani tangu nyumbani, na mezani analinganisha tu.

Na kijana wa Kitanzania anayejua mkeka ameshamaliza nusu ya kazi bila kujijua. Odi ya 4.00 anaielewa: weka 1,000, ukishinda unabeba 4,000. Poka ni hivyohivyo, tofauti ni kwamba odi haipangwi na kampuni, anaipanga mpinzani wako kwa ukubwa wa dau lake. Chukua pesa yote itakayokuwa mezani ukishalipia, gawa kwa unacholipa. Poti (pesa iliyokwisha kuwekwa mezani) ina 2,000, mwenzako anaweka 1,000, wewe unatakiwa ulipe 1,000: mezani kutakuwa na 4,000, odi ni 4.00. Ndivyo ilivyo kila mtu anapoweka dau la nusu poti, iwe ni senti au mamilioni. Dau la theluthi ya poti linakupa 5.00. Dau sawa na poti, 3.00. Mara mbili ya poti, 2.50. Namba nne tu, na madau mengi utakayokutana nayo yako karibu na mojawapo.

Upande wa pili ni odi ya karata zako mwenyewe. Umeziona karata sita (mbili zako na nne za mezani), zimebaki 46 usizozijua. Kwenye kopa kuna kumi na tatu. Umeziona nne, zimebaki tisa. Gawa 46 kwa 9, unapata 5.1. Hiyo ndiyo bei halali ya flashi ikiwa imebaki karata moja. Streti (karata tano zinazofuatana) iliyo wazi pande zote mbili, yaani una 6-7-8-9 na unasubiri 5 au 10, ina karata nane za kuokoa: 5.75. Streti yenye pengo katikati, karata nne tu: 11.5. Una jozi ndogo mkononi na unasubiri ya tatu yake, karata mbili: 23.

Basi. Odi ya meza ikizidi odi ya karata zako, unalipia. Ikipungua, unatupa, au unatafuta sababu nyingine ya kubaki, na sababu hiyo iwe ya maana. Kopa nne dhidi ya dau la nusu poti: meza inatoa 4.00, karata zinataka 5.1. Haifiki. Watu wengi sana wanalipia hapo kila siku na kuona ni jambo la kawaida.

Dhana: "Ni nusu kwa nusu, ije au isije."

Matokeo kuwa mawili hakuyafanyi yawe na uzito sawa. Kopa ya tano inakuja kwenye karata ya mwisho karibu mara 20 katika 100. Streti ya pengo, mara 9. Sioni haja ya kusema zaidi; anayeshikilia hoja hii huwa hajakaa kuitetea, amekaa kulipia.

Dhana: "Zidisha karata zako za kuokoa kwa nne, upate asilimia."

Hii ni hatari kuliko ile ya nusu kwa nusu, kwa sababu ina ukweli ndani yake na wanaoitumia ndio wanaojiona wamesoma. Kanuni yenyewe ni ya zamani na ni nzuri: ikibaki karata moja zidisha kwa mbili, zikibaki mbili zidisha kwa nne. Tisa mara nne ni 36, na jibu kamili ni 35.0. Hakuna ubaya.

Ubaya uko kwenye neno "zikibaki mbili". Flopu (karata tatu za kwanza za mezani) imefunuliwa, una kopa nne, mwenzako anaweka nusu poti. Unasema nina asilimia 36, bei ya 4.00 inataka 25 (100 gawa kwa 4), nalipia. Karata ya nne inakuja, si kopa, na mwenzako anaweka dau jingine, kubwa kuliko la kwanza kwa sababu poti imekua. Ile asilimia 36 ilikuwa ya karata mbili, wewe ulinunua moja. Kwa bei uliyolipa, nafasi yako ilikuwa 9 katika 47, asilimia 19.

Kuzidisha kwa nne kunafaa pale ambapo hakuna atakayekudai tena: mmoja wenu ameweka chipu zake zote, na mna uhakika wa kuziona karata zote mbili. Hapo odi ya flashi inashuka hadi 2.86, na kulipia dau lililolingana na poti, yaani odi ya 3.00, kunakuwa halali kabisa. Karata zilezile, flopu ileile, majibu mawili tofauti. Kwa hiyo kabla ya hesabu yoyote, tupia jicho kwenye chipu zilizobaki mbele ya mwenzako. Jicho hilo halichukui hata sekunde moja.

Jambo dogo la nyongeza: karata za kuokoa zikiwa nyingi, kuzidisha kwa nne kunatia chumvi. Anayesaka flashi na streti kwa pamoja ana karata 15. Kanuni inasema 60, ukweli ni 54. Na ni 15 kweli, si 17; mbili kati ya zile za streti zenyewe ni kopa, wengi wanazihesabu mara mbili.

Dhana: "Kila kopa itakayokuja ni ya kwangu."

Hapa ndipo pesa inapopotea kimyakimya, tuingie taratibu.

Una 9 na 8 za kopa. Mezani kuna K ya kopa, 4 ya kopa, K ya shupaza na 2 ya pau. Mpinzani amekuwa akiweka madau bila wasiwasi tangu flopu, na unaamini ana K ya tatu. Kopa tisa zimebaki. Lakini angalia 2 ya kopa: ikija, wewe una flashi, na meza ina K mbili na 2 mbili. Mwenye K anakuwa na tatu za K na mbili za 2, fuli hausi, imeipita flashi yako. Ile karata uliyoihesabu kama mkombozi ndiyo itakayokutoa chipu zote, maana hutakubali kutupa flashi. Sasa fikiria kwamba ana A ya kopa pamoja na K yake: kopa moja zaidi haipo tena kwenye karata zilizobaki. Umeanza na tisa, ukajikuta na saba. Odi inayohitajika imetoka 5.1 hadi 6.6.

Na akiwa na kopa mbili mkononi, moja ikiwa A? Huna karata hata moja ya kuokoa upande wa flashi. Kila kopa inayokuja inamsaidia yeye.

Kwa streti ni vivyo hivyo. Una 9 na 8, hakuna kopa mkononi, mezani kuna 7 na 6 za kopa pamoja na takataka mbili. Nane za kuokoa, ndiyo, ila 10 ya kopa na 5 ya kopa zinampa flashi mwenye kopa mbili. Zilizo safi ni sita, na odi imepanda hadi 7.7.

Hakuna atakayefanya mahesabu yote haya kwa sekunde chache, wala haihitajiki. Tabia inayotosha ni hii: meza ikiwa na jozi, au ikiwa na karata mbili za alama usiyo nayo, punguza mbili kabla hujagawa. Ni makadirio ya kienyeji, na ni bora mara mia kuliko kuhesabu zote.

Dhana: "Bei haifiki, lakini nikiipata atanilipa."

Inawezekana. Ila watu wanaisema kama dua, wakati ni kiasi kinachohesabika. Poti ina 6,000, dau ni 3,000, una kopa nne na imebaki karata moja. Flashi inataka 5.1 mara 3,000, yaani takriban 15,300. Mezani kutakuwa na 12,000. Pengo ni 3,300. Swali limebadilika: kopa ya tatu ikilala mezani, mbele ya macho yake, mtu huyu atatoa wastani wa 3,300 nyingine? Mchezaji mwoga hatoi hata mia. Mbishi anatoa zote. Na kama amebakiza chipu 2,000 tu, hata akitaka hawezi.

Streti ya pengo kwa bei hiyohiyo ina pengo la 22,500. Uzuri wake ni kwamba imejificha, mpinzani haioni ikiingia. Lakini 22,500 kwenye poti ya 12,000 ni maombi.

Usisahau na kamisheni. Mitandao mingi hukata asilimia fulani ya poti. Ikiwa ni 5, ile 12,000 ni 11,400, na odi uliyodhani ni 4.00 ni 3.80.

Dhana: "Imenikataa mara nne, sasa lazima ije."

Karata zinachanganywa upya kila mkono, na hazina daftari la madeni. Flashi kukosa mara nne mfululizo kwenye karata ya mwisho hutokea kama mara 42 katika 100. Mara kumi mfululizo, kama 11 katika 100. Ndugu yake ni "nimeshaweka nyingi, siwezi kuacha". Ulichoweka kimeshakuwa sehemu ya poti, na kimeingia kwenye odi tayari. Kukihesabu tena ni kukilipia mara mbili.

Dhana: "Programu inapanga karata ya mwisho."

Lalamiko hili lina chanzo cha kweli, hakitokani na wizi. Meza ya ana kwa ana inagawa mikono 25 hadi 30 kwa saa. Ya mtandaoni inapita 60, na wapo wanaofungua meza mbili tatu. Streti ya pengo ikikuotea karibu mara moja katika 11, basi anayecheza mikono mingi ataotewa mara nyingi, na zile kumi zilizokosa hakuna anayezisimulia kijiweni. Wasiwasi wa kweli uko kwingine: kama mtandao huo una leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na kama ukitaka kutoa pesa yako inatoka. Mtandao usio na leseni hauhitaji kukuchezea karata, unaweza tu kukaa na salio lako.

Dhana: "Anayebofya haraka ndiye mjuzi."

Anayelipia papo hapo mara nyingi anajiuza. Mwenye mkono mzito huwaza kama apandishe. Mwenye mkono mbovu huwaza kama atupe. Anayelipia bila kuwaza ni yule aliyekuwa anasaka karata na ameshaamua, na wapinzani wazoefu wanalijua hilo. Kaa sekunde tatu nne kila mara, hata kama jibu unalo.

Lakini usikae mpaka mwisho, hasa ukiwa sehemu ambako mtandao wa simu unayumba. Muda ukikuishia huku kuna dau mbele yako, programu nyingi zinakutupia karata bila kuuliza, na haijali kama ulikuwa na hesabu nzuri. Odi ya karata zako uijue mara karata ya nne inapolala, kabla mwenzako hajaweka kitu. Akiweka dau, soma ukubwa wake, punguza karata chafu, angalia salio lake. Sekunde zinazobaki ni za lile swali la 3,300.