Je, Wajua Kwa Nini Chemchemi za Versailles Hazikuruka Zote kwa Pamoja?

Mfalme Louis XIV wa Ufaransa alipotembea katika bustani za kasri lake la Versailles, mafundi wa maji walipashana habari kwa filimbi: birika lenye chemchemi ya mapambo alilokuwa akilikaribia lilifunguliwa maji, na lile alilokwisha kulipita likafungwa. Walifanya hivyo kwa sababu maji hayakutosha.

Tatizo lilianzia mahali penyewe. Louis XIII, baba yake, alipapenda kwa uwindaji, na hapakuwa na mto karibu. Mwanawe alipoanza kujenga mabirika katika miaka ya 1660, bwawa la jirani la Clagny lilielemewa mapema. Tena, chemchemi za wakati huo zilitegemea matangi: maji yalipandishwa kwanza mahali pa juu, kisha yakaachiwa yashuke kwa uzito wake kupitia mabomba, na kadiri tangi lilivyokuwa juu ndivyo yalivyoruka kwa nguvu. Tangi likikauka, chemchemi nayo ilinyamaza.

Mahitaji yenyewe yalikuwa makubwa mno. Katika birika la Latona, mungu wa kike wa hadithi za kale za Kirumi, lililoanza kujengwa mwaka 1668, wanaonekana wakulima wa nchi ya Lycia wakigeuzwa vyura kwa kumnyima mungu huyo maji ya kunywa. Baadhi yao wana mwili wa binadamu na kinywa cha chura, na vinywa hivyo hutema maji kumzunguka Latona. Hilo ni birika moja tu kati ya mengi.

Ndipo ilipojengwa mashine ya Marly, iliyoanza kazi mwaka 1684: magurudumu 14 yaliyozungushwa na mto Seine, yakiendesha pampu zaidi ya 200 ili kuyapandisha maji zaidi ya mita 150 juu ya mto. Hata hivyo hayakutosha, na mwaka uliofuata maelfu ya askari walipelekwa kuchimba mfereji wa kuyaleta maji ya mto Eure. Wengi wao walikufa kwa homa, gharama ambayo kwangu haina udhuru hata mbele ya uzuri wa bustani hizo. Vita vilipozuka mwaka 1688 kazi ilisimama na haikuendelea tena. Matao yaliyojengwa kuubeba mfereji huo yangalipo katika mji wa Maintenon, lakini hayajawahi kupitisha maji hadi Versailles.

Siku hizi maji yanayotumika hukusanywa na kurudishwa kwenye matangi, lakini sehemu kubwa ya mabomba ya chuma ni yale yale yaliyotandazwa enzi za mfalme huyo.