Wagiriki na Warumi katika fasihi ya Kijojia: yasemwayo na yaliyopo

Jojia tunayoizungumzia ni ile ya Kaukasi, yenye mji mkuu Tbilisi, si jimbo la Marekani.

Yasemwayo: Ugiriki ya kale iliingia katika fasihi ya Kijojia kwa mlango wa Medea na ngozi ya dhahabu.

Kisa hicho, cha Jason, Mgiriki aliyeichukua ngozi hiyo kwa msaada wa Medea, binti mfalme mchawi, ni cha Wagiriki wenyewe, wakisimulia habari za Kolkhi, pwani ya magharibi ya Jojia ya leo. Euripides aliitoa tamthilia yake ya Medea mwaka 431 KK. Maandishi ya Kijojia yalianza karne ya 5 BK, yakiwa ya Kikristo, na waandishi wake hawakuwa na haja kubwa na binti mfalme mchawi. Walichokitafuta ni falsafa. Katika karne ya 11, mtawa Ephrem Mtsire alitafsiri maandiko ya falsafa ya Kikristo yanayojulikana kwa jina la Dionysius wa Areopago. Baada yake Ioane Petritsi akamtafsiri Proclus, mfuasi wa Plato na mpagani kamili, kisha akamwandikia ufafanuzi mrefu. Petritsi anahusishwa na Gelati, monasteri karibu na Kutaisi iliyoanzishwa na Mfalme David wa Nne mwaka 1106. Mwandishi wa habari za mfalme huyo aliiita Athens ya pili.

Yasemwayo: basi watawa hao walizikimbia hadithi za miungu.

Wangezikimbiaje, ilhali mahubiri ya Gregori wa Nazianzo, askofu wa Kigiriki wa karne ya 4, waliyoyaheshimu mno yamejaa dokezo za miungu hiyo? Palihitajika maelezo, na Ephrem huyohuyo akayatafsiri. Kwa hiyo Wajojia wengi wa zamani walimjua Zeus, mkuu wa miungu ya Kigiriki, kupitia mikono ya mtawa. Hata mwandishi wa David, akimsifu mfalme wake, anamtaja mshairi Homer na mashujaa wa vita vya Troya, Achilles na Hector.

Yasemwayo: Rustaveli, mshairi mkuu wa Jojia, aliiga tenzi za Kigiriki.

Utenzi wake wa shujaa aliyevaa ngozi ya chui, uliotungwa enzi za Malkia Tamar (1184–1213), hauna Troya wala Odysseus. Mashujaa wake ni wa mbali: Tariel anatoka India, Avtandil Uarabuni. Kila ubeti una mishororo 4 ya mizani 16, vipimo ambavyo mshairi wa Kiswahili hahitaji kufundishwa. Mgiriki anajitokeza kama mwalimu wa maadili: Avtandil, akimwandikia mfalme wake, anamtaja Plato kuwa alifunza kwamba uongo na undumilakuwili hudhuru mwili kwanza, halafu roho. Kwangu mimi, mstari huo una uzito kuliko majina kumi ya miungu yaliyotiwa kwa pambo.

Yasemwayo: Amirani, shujaa wa ngano za Kijojia, ni Prometheus, yule wa Kigiriki aliyewaibia miungu moto, ila amebadilishwa jina.

Wote wawili wamefungwa minyororo kwenye milima ya Kaukasi, ni kweli. Lakini Amirani ni wa masimulizi ya mdomo, ana ndugu zake na vita vyake dhidi ya majoka, na nani alichukua kwa nani bado kunabishaniwa.

Yasemwayo: Roma ina nafasi sawa na Ugiriki.

Haina. Mwaka 75 BK Kaisari Vespasian alimsaidia Mithridates, mfalme wa Jojia ya mashariki, kuimarisha kuta karibu na mji wake mkuu, Mtskheta, na jiwe la kumbukumbu likaandikwa kwa Kigiriki. Hata baadaye, jirani mkubwa alikuwa Konstantinopoli, makao ya dola ya Bizanti, ambako watu walijiita Warumi huku wakiandika Kigiriki. Kilatini hakikupata njia pana.

Na Medea? Alirudi kwao akiwa amechelewa sana. Mwaka 1925 mwandishi wa Kijojia Konstantine Gamsakhurdia alimweka Dionysus, mungu wa mvinyo wa Kigiriki, katika jina la riwaya yake, lakini ni mwenzake Otar Chiladze, mwaka 1973, aliyekigeuza kisa cha Jason na kukisimulia kutoka upande wa wenyeji. Katika riwaya yake mji wa Vani, makao ya Mfalme Aeëtes, baba yake Medea, unabadilika polepole baada ya wageni kutia mguu. Riwaya ilitoka ndani ya Umoja wa Kisovieti, na si vigumu kuona kwa nini msomaji wa Tbilisi angemfikiria mgeni mwingine, asiye Mgiriki.