Mkono Ukilegea Ghafla, Usisingizie Kemo

Katika kliniki za saratani hapa Nairobi, wagonjwa na jamaa zao huuliza mengi. Nywele zitaota tena? Ale nini siku ya dawa? Bima italipa awamu ngapi? Ni nadra mtu kuuliza kuhusu kiharusi. Kiharusi tumekizoea kuwa ugonjwa wa wazee na wa watu wenye presha, na aliyeambiwa ana saratani tayari ana mzigo wa kumtosha. Hata hivyo magonjwa haya mawili hukutana mara nyingi kuliko wengi wanavyodhani, na yakikutana, saa zenye thamani hupotelea nyumbani, watu wa nyumba wakiamini kwamba mgonjwa amechoshwa na dawa tu.

Uhusiano huu si habari ya jana. Mwaka 1865 daktari Mfaransa Armand Trousseau alieleza jinsi wagonjwa wa saratani walivyokuwa wakipata mabonge ya damu kwenye mishipa. Baadaye aliiona dalili hiyo hiyo mwilini mwake, akatambua maana yake, na mwaka 1867 saratani ya tumbo ikamuua. Leo tunajua zaidi kinachotokea. Uvimbe wa saratani humwaga kwenye damu kemikali zinazoamsha mfumo wa kugandisha, ule ule unaotuokoa tunapojikata kisu jikoni, ila sasa unafanya kazi pasipo na jeraha. Saratani zinazoanzia kwenye tezi za kutoa ute, kama nyingi za kongosho, mapafu na tumbo, ndizo zenye sifa mbaya zaidi kwa hili. Bonge likikaa mguuni, mguu unavimba na kuuma. Likifika mapafuni, mtu anaishiwa pumzi. Likiziba mshipa wa ubongo, hicho ni kiharusi. Wakati mwingine mabonge madogo huota kwenye vali za moyo bila mgonjwa kuhisi lolote, kisha yanamegeka na kupanda kichwani moja baada ya jingine.

Hatari ni kubwa kiasi gani? Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017 uliwalinganisha wazee waliogunduliwa kuwa na saratani na wenzao wasio nayo. Katika miezi 6 ya kwanza, takriban 3 kati ya kila 100 wenye saratani walipata kiharusi cha mshipa kuziba, ilhali upande wa pili walikuwa 1.6. Waliokuwa na saratani ya mapafu, na wale ambao ugonjwa ulikuwa umeshasambaa, walikuwa hatarini zaidi. Baada ya mwaka mmoja tofauti ilikuwa imepungua sana. Kwa hiyo wagonjwa 97 kati ya 100 walipita kipindi hicho bila kiharusi cha aina hiyo, na sielezi haya ili mtu akose usingizi. Nataka familia ijue kwamba miezi ile ya mwanzo, yenye pilikapilika za biopsi (kukatwa kipande kidogo cha nyama kipimwe), foleni na kuchangisha pesa, ndiyo ya kufungua macho.

Matibabu nayo yana mchango. Sisplatini, mojawapo ya dawa za kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, inaweza kuudhuru utando wa ndani wa mishipa. Tamoksifeni, kidonge wanachomeza kwa miaka akina mama wengi wenye saratani ya matiti, huongeza kidogo uwezekano wa damu kuganda. Dawa nyingine huvuruga mapigo ya moyo, na moyo unaodunda ovyo ni kiwanda cha mabonge. Mtu akitapika na kuhara baada ya dozi, au akiwa na saratani ya umio na hata uji haupiti, anakaukiwa maji na damu yake inakuwa nzito. Kwa upande mwingine, kemo hupunguza chembe sahani, zile zinazozuia damu kuvuja, na zikishuka sana mshipa unaweza kuvuja ndani ya ubongo. Hiyo pia ni kiharusi, japo chanzo chake ni kinyume kabisa cha kile cha kwanza. Hakuna kati ya haya linalokupa sababu ya kuacha dawa. Saratani isiyotibiwa huigandisha damu kuliko dawa nyingi ninazozitaja hapa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Uchovu wa kemo na kiharusi vinatofautishwaje na mtu asiye daktari?

Angalia mambo mawili: pande na kasi. Kemo humlegeza mtu mwili mzima. Ganzi inayoletwa na dawa kama paklitakseli huanzia kwenye vidole vya miguu yote miwili, ikafika kwenye vidole vya mikono yote miwili, na huongezeka polepole kwa wiki kadhaa. Usahaulifu wa kemo nao huja taratibu. Mama anaingia chumbani akasahau alichofuata. Kiharusi huchagua upande mmoja na huja ghafla. Saa moja alikuwa sawa, saa iliyofuata kikombe cha chai kimemponyoka mkono wa kulia, kandambili ya mguu wa kulia inamvuka bila yeye kujua, mdomo umeenda upande, ulimi umekuwa mzito au maneno yanatoka yasiyoeleweka. Wengine hupoteza kuona upande mmoja, au wanayumba kama meli ilhali hawajanywa kitu.

Kwa hiyo mwambie atabasamu: je, pande zote za mdomo zinapanda? Mwambie ainue mikono yote miwili na kuishikilia: mmoja unashuka? Mwambie aseme sentensi ya kawaida, kwa mfano mahali alipozaliwa. Kwa mgonjwa wa saratani ya koo ambaye sauti yake ilishabadilika zamani, au aliyewekewa mrija wa kupumulia shingoni, kipimo cha maneno hakitakusaidia sana. Tegemea uso na mkono. Kwa mgonjwa wa kisukari, pima sukari kama una kifaa karibu, maana sukari ikishuka sana inaweza kuiga kiharusi, lakini usichelewe kuondoka ukitafuta kifaa. Udhaifu wa upande mmoja unaoongezeka kwa siku kadhaa pamoja na kichwa kuuma asubuhi unaweza kuwa saratani iliyofika ubongoni. Huyo pia aende hospitali leo, asisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki.

Andika saa aliyoonekana mzima kwa mara ya mwisho. Ndilo swali la kwanza utakaloulizwa, na jibu la "tangu asubuhi" halitoshi. Dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na kulitoa bonge kwa mrija kunaweza kufanyika hadi saa 24 kwa wagonjwa wachache waliochaguliwa. Kama ameamka nazo, saa inahesabiwa tangu alipolala, si alipoamka. Ukitoka Kayole au Githurai saa kumi na moja jioni, unajua foleni ilivyo. Ambulansi ikisema itachelewa na jirani ana gari, mpandishe kwenye gari la jirani.

Kuna mambo ya kutofanya. Usimpe aspirini. Nyumbani huwezi kujua kama mshipa umeziba au unavuja, na kwa mtu ambaye chembe sahani zake zimeshuka aspirini inaweza kummaliza. Usimpe maji wala uji. Koo lililopooza hupeleka kinywaji kwenye mapafu. Usimuongezee kidonge cha presha ili "ishuke haraka". Na ule ujumbe wa WhatsApp unaosema umtoboe vidole kwa sindano hadi damu itoke, ufute tu, kabla shangazi mwingine hajausambaza kwenye kundi la familia.

Nenda kwenye hospitali yenye mashine ya CT, ile ya kupiga picha ya ubongo, inayofanya kazi usiku na mchana. Si kila hospitali inayo, na kuzunguka vituo viwili vitatu huku dakika zikiyoyoma ni hasara isiyorudi. Ulizeni kliniki yenu ya saratani wiki hii, kabla hakujaharibika kitu: iliyo karibu nasi ni ipi? Mkifika mkaambiwa habari za kulipa kwanza, kumbukeni Katiba ya 2010, Kifungu cha 43(2): mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Semeni hivyo kwa adabu, na mumtafute msimamizi wa zamu.

Bebeni kadi ya kemo yenye tarehe ya dozi ya mwisho na majina ya dawa zote, hasa za kuzuia damu kuganda, ziwe za sindano ya tumboni au vidonge. Wapo wanaodhani kwamba mwenye saratani hana haki ya dawa ya kuyeyusha bonge. Saratani peke yake haimfungii mtu mlango. Madaktari huangalia chembe sahani, kama kuna uvimbe ubongoni, kama alifanyiwa upasuaji juzi, na kama anatumia dawa ya kuzuia kuganda. Kadi hiyo huwapunguzia kazi ya kubahatisha.

Kuhusu kinga, nina jambo moja linaloniuma. Pesa zote zikielekezwa kwenye saratani, vidonge vya presha na sukari ndivyo vya kwanza kuachwa, kana kwamba ugonjwa mkubwa umefukuza mdogo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini Kenya ana presha. Hao wakipata saratani, presha haiondoki. Baadhi ya dawa za saratani huipandisha zaidi. Presha ipimwe kila kliniki na iandikwe. Mguu mmoja ukivimba, sema siku hiyo hiyo. Sigara iachwe.

Na waliopona wasisahauliwe. Mtu aliyechomwa mionzi shingoni kwa saratani ya koo au ya nyuma ya pua anaweza kuja kupata mishipa ya shingo iliyobana miaka mingi baadaye, hata akiwa hana tena faili kliniki ya saratani. Anapokwenda kwa daktari wa presha ataje mionzi hiyo, hata kama ilikuwa mwaka 2010, kwa kuwa daktari anaweza kuagiza picha ya mishipa ya shingo kwa mashine ile ile wanayopimiwa wajawazito.