Mpira haukumuua Bob Marley

Tangu mwaka 1981 watu wanasimuliana kwamba Bob Marley aliumizwa kidole cha mguu uwanjani, kidonda kikageuka saratani, akafa. Kuumia aliumia kweli, maana mpira aliupenda karibu sawa na muziki. Lakini aliyemkanyaga hana hatia.

Mwaka 1977, kidonda chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kulia kilipogoma kupona, madaktari walipima wakakuta melanoma, saratani ya ngozi. Aina aliyopata huota kwenye viganja, nyayo na chini ya kucha. Haihusiani na jua kali, na kwa watu weusi ndiyo melanoma inayoonekana zaidi. Jeraha liliwafanya watu wakiangalie kile kidole. Hakuna ushahidi thabiti kwamba ndilo lililoizaa saratani.

Alishauriwa akatwe kidole, akakataa. Imani yake ya Rastafari, inayotaka mwili ubaki mzima bila kukatwa, ilikuwa sababu mojawapo. Akaondolewa ukucha na nyama ya chini yake, akapandikizwa ngozi, kisha akarudi jukwaani. Aprili 1980 aliimba Harare, mji ulioitwa Salisbury wakati huo, katika sherehe za uhuru wa Zimbabwe. Septemba akaanguka akifanya mazoezi ya kukimbia katika bustani ya Central Park, New York. Saratani ilikuwa imefika kwenye ubongo. Alifariki Miami, 11 Mei 1981, akiwa na miaka 36.

Kinachoniuma ni kwamba hadithi ya mpira inaficha dalili yenyewe. Mstari mweusi unaopanuka chini ya ukucha, au kidonda cha hapo kisichopona, kipelekwe hospitali hata kama hujawahi kugusa mpira.