Kabla ya kununua vishikwambi, lisomeni daftari

Kila Alhamisi alasiri, katika kijiji kimoja cha ufukweni kusini mwa Ilagala, mkoani Kigoma, akina mama ishirini na watano wa kikundi cha kuweka na kukopa hukaa duara chini ya mwembe. Katikati yao huwekwa sanduku la bati lenye kufuli tatu. Funguo zinakaa kwa wanachama watatu tofauti, na mwenye kutunza sanduku hana ufunguo hata mmoja. Hisa zikishanunuliwa na mikopo ikishatolewa, mweka hazina huhesabu fedha kwa sauti na kutaja salio. Mwenyekiti huwaambia, "Karirini," nao hulirudia wote. Wiki inayofuata, kabla ya kufuli kuguswa, huchaguliwa mtu yeyote, aghalabu aliyechelewa kufika, ataje salio la wiki iliyopita.

Mimi ni mtu wa mifumo ya taarifa. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilicheka peke yangu: nakala rudufu ishirini na tano, hazitaki umeme wala nywila. Ningekuwa na busara ningekaa chini niwaulize ni nini kinawasumbua. Lakini nilikuwa nimeshuka kwenye mtumbwi na begi la vishikwambi, na mfadhili alikuwa anasubiri data.

Dodoso letu lilikuwa na maswali 87. Nalijua vizuri kwa sababu nililitengeneza mimi. Kila idara ya shirika ilikuwa imechomeka maswali yake: watu wa lishe, watu wa mazingira, hata mhasibu. Mahojiano yalichukua zaidi ya saa nzima, mama wa watu mawese yako jikoni na mtoto analia. Tulipofika kwenye swali la arobaini hivi, bibi mmoja aliniangalia akasema, "Mwanangu, mwaka jana walikuja wenzako wakaniuliza haya haya. Majibu yangu mliyapoteza?"

Hatukuyapoteza. Yalikuwa kwenye kompyuta ya mtu aliyekwisha kuacha kazi, kwenye faili la Excel ambalo hakuna aliyelifungua tangu ripoti ilipotumwa. Sijui kama hilo ni afadhali.

Kwa hiyo sasa shirika likiniita liniambie "tunataka mfumo", kazi yangu ya kwanza ni kuchukua dodoso lao na kwa kila swali kuuliza: jibu hili likija, nani atafanya nini, na lini? "Litaingia kwenye ripoti" silikubali kama jibu. Yale 87 yalibaki 14. Afisa wa mfadhili alinuna kidogo, kisha tukamwonyesha kwamba viashiria vyote vilivyomo kwenye andiko la mradi vinapatikana humo humo. Wafadhili hawahitaji mambo mengi kama tunavyodhani. Mengi tunajiongezea wenyewe kwa woga.

Baada ya hapo ndipo naomba kuona daftari, daftari lenyewe, lile lenye madoa ya mafuta. Safu zake zinakwambia kikundi kinafikiri namna gani: jina, hisa, mfuko wa jamii, mkopo, rejesho, faini. Fomu ya kwenye simu naipanga kwa mfuatano huo huo, ili katibu asome mstari na mwenzake aingize bila kurukaruka. Natumia KoboToolbox, programu ya kukusanya taarifa kwa fomu za simu, ambayo imejengwa juu ya ODK, programu ya kazi hiyo hiyo iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008. Mashirika yasiyo ya faida yanaweza kuitumia bila malipo, ingawa kuna kikomo cha matumizi. Uzuri wake kwa watu wa ziwani ni kwamba inajazwa bila mtandao kabisa. Fomu zinakaa kwenye simu, na siku mtu akifika Kigoma mjini au akipata minara miwili mitatu ya mtandao, zinapanda zenyewe kwenye seva. Unaweza pia kuiwekea sharti: rejesho lisizidi deni, tarehe isiwe ya kesho. Makosa yananaswa palepale chini ya mwembe mwenye daftari akiwepo, badala ya kugunduliwa miezi mitatu baadaye ofisini.

Kuna mtego mmoja ambao hautajwi kwenye mafunzo yanayoandaliwa mijini, nao ni majina. Huku kwetu r na l hazigombani sana. Rehema wa leo ni Lehema wa wiki ijayo, kutegemea katibu ni nani, na kompyuta inaona watu wawili. Tuliwahi kuripoti wanufaika wengi kuliko wanawake wote wa kitongoji! Dawa yake ni ya zamani: kila mwanachama ana namba kwenye kitabu chake cha hisa, na fomu inaanza na namba hiyo. Jina linafuata kwa uhakiki tu.

Mtu ataniambia tutumie namba ya simu kumtambua mtu. Hapana. Simu ya kijijini mara nyingi ni ya nyumba, tena ni kitochi, na nusu ya siku iko dukani inachajiwa. Hili lina uzito kuliko suala la takwimu. Shirika moja la afya liliwahi kuniomba nipange ujumbe mfupi wa kuwakumbusha akina mama tarehe ya kurudi kituoni kwa uzazi wa mpango. Tulijaribu kwa wachache kwanza, na mmoja wao akaja kutwambia ujumbe umesomwa na mume wake, ambaye hakuwa na habari. Sitaeleza yaliyofuata. Tuliusimamisha mpango wiki hiyo hiyo. Tuliporudi, kila mama aliulizwa: simu hii ni ya nani, nani mwingine huisoma, na je, unataka ujumbe au hutaki? Waliotaka waliandikiwa maneno yasiyosema kitu kwa mgeni: "Karibu Jumanne kama tulivyokubaliana." Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, na mashirika yanawajibika kwayo kama kampuni yoyote. Lakini hata isingekuwepo sheria, yule mama alitosha.

Nikiwa bado kwenye ujumbe mfupi, nitoe siri ndogo ya kuokoa fedha. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160. Kiswahili kinaenea humo vizuri, maana herufi zetu ni za kawaida. Sasa andika tangazo la chanjo ya mifugo kwenye Word, unakili, ulibandike kwenye mfumo wa kutuma. Word imeshageuza kile kialama cha katikati ya ng'ombe kuwa cha kupinda, na herufi hiyo haimo kwenye orodha ya kawaida ya simu. Ikiwepo moja tu, ujumbe mzima unabadilishiwa mfumo wa herufi, nafasi zinashuka hadi 70, na zikizidi hapo kila kipande kinabeba 67. Tangazo la herufi 150 uliloliona ni moja linatozwa kama matatu. Nimelikuta shirika huko Kasulu linalipa mara tatu msimu mzima kwa sababu ya ng'ombe. Andika kialama hicho moja kwa moja kwenye mfumo, au sema mifugo.

Na ujumbe utumwe lini? Mshauri mmoja kutoka mjini alipendekeza saa mbili usiku, "watu wakiwa wametulia". Saa mbili usiku wa giza, wavuvi wa dagaa wako katikati ya Ziwa Tanganyika na taa zao. Dagaa hufuata mwanga, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka taa haina kazi na wanaume wanashinda nyumbani. Sisi tunapanga mikutano na madodoso kwa mwezi wa angani. Kwenye kalenda ya mradi niliongeza safu inayoonyesha giza na mbalamwezi. Haikugharimu senti, na idadi ya wanaume wanaohudhuria ilibadilika kuliko ilivyowahi kubadilishwa na programu yoyote.

Nisije nikaonekana nachukia vifaa vikubwa. Mkoa huu huu una mfano mzuri wa teknolojia nzito iliyokaa mahali pake. Taasisi ya Jane Goodall ilianzisha TACARE, mradi wa uhifadhi na maendeleo ya vijiji, mwaka 1994 kwenye vijiji vinavyoizunguka Hifadhi ya Gombe, na baadaye ikaleta picha za satelaiti zenye ubora wa kuonyesha njia na nyumba. Picha zilichapishwa kwenye karatasi kubwa, wazee wakazitandaza, wakaonyesha kwa kidole: hapa kisima, hapa makaburi, hapa msitu wa mizimu. Mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji ilichorwa juu ya mazungumzo hayo, kisha walinzi wa misitu waliochaguliwa na vijiji vyao wakapewa simu za kurekodi miti iliyokatwa na mitego waliyoikuta, kwa ODK ile ile niliyoitaja. Satelaiti ilikuja na picha, majina yakatoka kwa wazee.

Kuhusu gharama nitasema jambo moja tu: vishikwambi ndiyo sehemu rahisi. Weka kwenye bajeti bando, nauli ya mtumbwi, vioo vitakavyopasuka, na mshahara wa mtu atakayebaki kuhudumia mfumo mradi ukiisha. Kama huyo wa mwisho hayumo, baki na daftari.

Majibu ya yale maswali 14 tulianza kuyarudisha kijijini kila robo mwaka: karatasi moja, maandishi makubwa, inasomwa kwa Kiswahili na Kiha kwenye mkutano kisha inabandikwa ofisi ya mtendaji. Mara ya kwanza ilipobandikwa, kile kikundi cha Alhamisi kilionekana hakijatoza faini hata moja kwa miezi mitatu. Nikawapongeza kwa nidhamu. Wakacheka mpaka wengine wakashika magoti. Faini wanalipa, tena sana, ila hulipa kwa kikombe cha dagaa au kibaba cha mawese, na fomu yangu ilikuwa inakubali shilingi tu, kwa hiyo katibu alikuwa anajaza sifuri.

Nikaongeza safu ya faini isiyo fedha. Mpaka sasa ina dagaa, mawese, mihogo, na jogoo mmoja. Mbele ya huyo jogoo katibu ameandika: "Alikimbia. Bado anadaiwa."